Mkono wa Breki na Breki Yake: Somo kwa Wenye Baiskeli za Milimani

Watu wengi wanaotumia baiskeli huangalia kwa makini tairi, mnyororo na tandiko, lakini wakifika kwenye breki husema kwamba breki ni breki tu, na kwamba mkono wowote wa breki waweza kuvuta waya wowote. Kwa baiskeli iliyotoka kiwandani ikiwa kamili fikira hiyo haileti madhara, maana aliyeiunda amekwisha kuchagua vyombo vinavyopatana. Lakini mtu anapoondoa usukani mnyoofu wa baiskeli ya milimani na kuweka usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, kazi ya kuchagua inakuwa yake mwenyewe. Akichagua vibaya, hatalijua kosa lake uani anapoisukuma baiskeli mbele na nyuma. Atalijua kwenye mteremko.

Somo hili laeleza mambo matatu: jinsi mkono wa breki ufanyavyo kazi, jinsi ya kuitambua breki iliyo kwenye baiskeli, na jinsi ya kuchagua mkono unaopatana nayo.

MFANO WA MWALIMU

Tuseme mwalimu mmoja anakaa Iten, na shule yake iko upande wa Tambach, chini ya ukingo wa Bonde la Kerio. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara inayoshuka kutoka hapo ina kona nyingi na mteremko mkali. Asubuhi mwalimu huteremka, jioni hupanda.

Mwalimu huyo amenunua baiskeli ya milimani iliyokwisha kutumika, yenye usukani mnyoofu. Baada ya miezi michache viganja vyake vinamwuma, kwa sababu usukani mnyoofu humlazimisha mtu kushika mahali pamoja tu safari nzima. Anapata usukani wa pembe uliotoka katika baiskeli kuukuu ya mashindano, pamoja na mikono yake ya breki. Usukani wa namna hiyo una faida ya kweli: mtu aweza kushika juu, au ubavuni, au chini kwenye pembe, na kwa kubadilishana hivyo viganja hupumzika. Tena akiinama chini upepo haumzuii sana.

Fundi anafunga vyombo hivyo vyote na kuweka waya mpya. Mwalimu anainua gurudumu, analizungusha na kubana mkono wa breki. Gurudumu lasimama mara moja.

"Umeona, mwalimu?" asema fundi. "Sasa inashika kuliko zamani."

Kesho yake asubuhi mwalimu anateremka. Katika kona ya kwanza breki inashika ghafula, hata gurudumu la nyuma linateleza. Katika kona ya tatu mkono wa breki unakaribia usukani. Katika kona ya nne mkono unagusa usukani kabisa, vidole vimebana mpaka mwisho, na baiskeli bado inakwenda. Mwalimu anaielekeza kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara, anaanguka, na kuamka na goti lililochubuka. Angaliweza kuanguka upande wa pili, ambako hakuna ukingo.

Je, kosa lilikuwa wapi? Waya ulikuwa mpya. Raba za breki zilikuwa nzuri. Mikono ya breki haikuwa na ufa wala kutu. Kila chombo peke yake kilikuwa kizima. Kosa lilikuwa kwamba mkono na breki havikuwa vya jamii moja.

MKONO WA BREKI NI WENZO

Mtu atakaye kuinua jiwe zito hutumia wenzo. Huchomeka mti chini ya jiwe, akaweka kigogo cha kuuegemeza, kisha akakandamiza ncha ndefu. Jiwe hupanda, lakini hupanda kidogo tu, wakati ncha anayoishika yeye imeshuka sana. Hiyo ndiyo kanuni ya nyenzo zote: mtu akipata nguvu zaidi, hupata mwendo mdogo, na akipata mwendo mkubwa, nguvu hupungua. Hakuna wenzo utoao vyote viwili bure.

Mkono wa breki ni wenzo vivyo hivyo. Vidole hukandamiza ncha yake ndefu, na karibu na msumari unapogeukia, waya huvutwa. Waya ukikaa karibu sana na msumari huo, mkono huvuta waya kidogo lakini kwa nguvu nyingi. Waya ukikaa mbali zaidi na msumari, mkono huvuta waya mwingi lakini kwa nguvu chache. Katika somo hili mkono wa namna ya kwanza utaitwa mkono wa mvuto mfupi, na wa namna ya pili mkono wa mvuto mrefu.

Lakini breki yenyewe, kule kwenye gurudumu, ni wenzo wa pili. Iko breki inayotaka waya mchache wenye nguvu nyingi, na iko breki inayotaka waya mwingi, nayo ndiyo inayoongeza nguvu yenyewe. Kwa hiyo nyenzo mbili zinafanya kazi pamoja, na hesabu yake ni ya kuzidisha.

Tuchukue tarakimu rahisi za kujifunzia. Mkono wa mvuto mfupi na uzidishe nguvu ya vidole mara 4, na kuvuta waya sentimita 1. Mkono wa mvuto mrefu na uzidishe mara 2, na kuvuta waya sentimita 2. Breki ya mvuto mfupi na iache nguvu kama ilivyo, yaani mara 1, na breki ya mvuto mrefu iizidishe mara 2. Sasa tuviunganishe:

Mkono mfupi na breki fupi: 4 mara 1, jumla 4. Raba zinafika kwenye rimu bila shida.

Mkono mrefu na breki ndefu: 2 mara 2, jumla 4 vilevile. Raba zinafika bila shida.

Mkono mrefu na breki fupi: 2 mara 1, jumla 2. Raba zinafika upesi, lakini nguvu ni nusu tu ya ile inayotakiwa.

Mkono mfupi na breki ndefu: 4 mara 2, jumla 8. Nguvu ni nyingi mno, lakini waya unaovutwa ni nusu ya ule breki inaoutaka, na raba huenda zisifike.

Ndoa mbili za kwanza ni njema. Mbili za mwisho ni mbaya, ila ubaya wake haufanani, na inampasa mwenye baiskeli aujue kila mmoja.

DALILI ZINAZODANGANYA

Mwalimu wa Iten alifunga mkono mfupi kwenye breki ndefu. Fundi, ili afanye raba zifike, alizisogeza karibu sana na rimu, pengine milimita moja tu. Uani breki ilishika kama koleo. Lakini barabarani mambo hubadilika. Mtu akibana kwa nguvu, waya hunyooka na ala yake hujikaza, na mwendo kidogo hupotea hapo. Rimu ikipinda kidogo, raba huwa mbali zaidi upande mmoja. Mvua ikinyesha, mchanga na maji husugua raba, nazo huisha. Kila moja ya haya hutaka waya zaidi, na mkono ule hauna waya zaidi wa kutoa. Basi hugota kwenye usukani.

Ndoa mbaya ya pili hudanganya kwa njia nyingine. Mtu aliyefunga mkono mrefu kwenye breki fupi huubana, naye huuona mgumu kama ubao. Hufurahi akisema, "Hii ni breki imara." Kumbe ugumu wa mkono si dalili ya nguvu ya breki. Mkono ni mgumu kwa sababu wenzo wake haumsaidii vya kutosha, na vidole vyake ndivyo vinavyofanya kazi yote. Mteremko ukiwa mrefu vidole huchoka, na breki hulegea kadiri vidole vinavyolegea.

Kwa hiyo mkono laini mno unaokaribia usukani, na mkono mgumu kama ubao, vyote viwili ni maonyo. Mkono unaopatana na breki yake huanza kwa ulaini, kisha hukaza kidogo kidogo kadiri unavyobanwa, na husimama mbali na usukani.

KUITAMBUA BREKI ILIYOPO

Ili mtu aelewe kwa nini breki za milimani hazifanani, yafaa ajue habari zake kidogo. Baiskeli za milimani zilianza Marekani, katika Marin County, jimbo la California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi manene wakateremka nazo katika njia za milimani. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano la kwanza katika mteremko ulioitwa Repack. Jina hilo latokana na breki. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, inayofungwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Kila zilipofika chini, grisi ilikuwa imeungua kwa joto, ikalazimu kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya. Tangu mwanzo, basi, shida kubwa ya baiskeli za milimani ilikuwa kusimama.

Waliokuja baadaye waliweka breki za kantileva. Hizi zina mataya mawili mafupi yaliyofungwa kwenye vijiti vya fremu, kila upande wa gurudumu mmoja. Waya mkuu hushuka katikati, juu ya tairi, na kuushika waya mfupi unaounganisha mataya hayo. Ni breki za mvuto mfupi. Breki za koleo za baiskeli za mashindano nazo ni za mvuto mfupi. Kwa sababu hiyo, katika siku hizo mtu aliweza kuweka usukani wa pembe na mikono ya mashindano juu ya baiskeli ya milimani bila taabu kubwa. Mwaka 1990 Mmarekani John Tomac, aliyekuwa akishindana pia katika barabara za lami, alitumia usukani wa pembe katika mashindano ya milimani.

Katikati ya miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Mwaka 1996 kampuni ya Shimano ya Japani ilitoa breki ya V. Mataya yake ni marefu na yamesimama wima. Waya huingia upande mmoja kupitia bomba dogo la chuma lililopinda, kisha hupita juu ya tairi kwa ulalo mpaka taya la pili. Hii ni breki ya mvuto mrefu, inayotaka waya karibu maradufu ya ule wa kantileva. Ilienea upesi sana, na baiskeli nyingi za milimani zilizokwisha kutumika zinazouzwa masokoni zina breki hiyo.

Alama za kukumbuka ni hizi. Waya ukishuka katikati na kugawanyika pande mbili, hiyo ni kantileva, ya mvuto mfupi. Waya ukipita juu ya tairi kwa ulalo, na pembeni kuna bomba lililopinda, hiyo ni breki ya V, ya mvuto mrefu. Ikiwa kitovuni pameungwa sahani ya chuma nayo inabanwa pembeni, hiyo ni breki ya diski, nayo ina maelezo yake.

BREKI ZA DISKI

Breki za diski ziko namna mbili: zinazovutwa kwa waya na zinazosukumwa kwa mafuta.

Za waya hazina jamii moja. Breki iitwayo Avid BB7, kwa mfano, iliundwa kwa sura mbili, moja ya barabarani kwa mikono ya mvuto mfupi, na moja ya milimani kwa mikono ya mvuto mrefu. Kwa macho zafanana sana. Kampuni ya TRP nayo ina Spyre kwa mvuto mfupi na Spyke kwa mvuto mrefu. Herufi chache tu zatenganisha majina hayo, lakini aliyekosea herufi amekosea breki. Yafaa kusoma maandishi yaliyo juu ya chombo chenyewe kabla ya kutoa fedha.

Za mafuta hazina waya hata kidogo. Mkono husukuma umajimaji ndani ya mrija, nao husukuma pedi zibane diski. Hapa mkono wa waya hauwezi kutumika moja kwa moja, na mkono wa mafuta wa kampuni moja haufai kuunganishwa ovyo na breki ya kampuni nyingine. Kwanza, kiasi cha mafuta kinachosukumwa hutofautiana. Pili, mafuta yenyewe si mamoja. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na breki nyingi za SRAM hutumia umajimaji wa DOT. Ukitia umajimaji usio wake, mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje huvimba na kuharibika, na breki huweza kufa njiani. Mwenye breki za mafuta atakaye usukani wa pembe yampasa anunue mikono ya pembe ambayo aliyeunda breki yake ameiandika kuwa yapatana nayo.

KWA NINI MIKONO YA ZAMANI HAIINGII

Baadhi ya watu, wakisikia maneno haya, husema: "Kama mikono ya usukani mnyoofu ndiyo inayopatana na breki yangu, nitaihamishia kwenye usukani wa pembe." Shauri hilo halifai, kwa sababu ya kipimo. Sehemu ya usukani mnyoofu inayofungwa mkono wa breki ina upana wa milimita 22.2. Usukani wa pembe, mahali hapo, aghalabu una milimita 23.8. Tofauti ni milimita 1.6 tu, lakini pete ya mkono haiingii. Kuikwangua kwa tupa ni kuidhoofisha, nayo yaweza kupasuka siku mtu anapobana kwa nguvu zake zote. Tena hata ingeingia, umbo lake halifuati mpindo wa pembe, na vidole havingeufikia vizuri mtu akiwa ameshika chini, mahali panapofaa kwa mteremko.

Kwa hiyo hapana budi kutafuta mikono iliyoundwa kwa usukani wa pembe. Na hapo ndipo swali kuu linaporudi: ya mvuto mfupi au mrefu?

KUCHAGUA

Mwenye breki za kantileva au diski za waya za barabarani achukue mikono ya kawaida ya pembe, yaani ya mvuto mfupi. Hii ndiyo iliyo mingi na rahisi kupatikana.

Mwenye breki za V au diski za waya za milimani ana njia nne.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo bora, ni kununua mikono ya pembe ya mvuto mrefu. Iko michache, lakini ipo. Kampuni ya Dia-Compe ya Japani iliunda mkono uitwao 287V, na kampuni ya Tektro ya Taiwan ina mkono uitwao RL520. Lakini mnunuzi na awe macho: Tektro ina mkono mwingine, RL340, unaofanana sana na RL520 kwa umbo, nao ni wa mvuto mfupi. Anayenunua kwa macho bila kusoma namba aweza kurudi nyumbani na kosa lile lile la mwalimu.

Njia ya pili, kwa mwenye breki za V, ni kuziondoa na kuweka kantileva. Vijiti vya fremu vinavyoshika breki hizo mbili ni vya namna moja. Ila kantileva hutaka kituo cha kushikia ala ya waya juu ya gurudumu, mbele na nyuma, na baiskeli nyingi zilizoundwa kwa breki za V hazina kituo hicho. Shurti kiongezwe.

Njia ya tatu, pia kwa mwenye breki za V, ni kuweka breki za V zenye mataya mafupi. Breki ya V ya kawaida ina mataya ya zaidi ya milimita 100. Hizi fupi huwa na milimita 80 hadi 90 hivi, na kwa hiyo hutaka waya mchache. Hupatana na mikono mingi ya mvuto mfupi. Ubaya wake ni kwamba waya hupita karibu sana na tairi, na tairi nene au bamba la kuzuia matope huenda lisipite.

Njia ya nne ni kutia kapi dogo kati ya mkono na breki. Kapi hilo lina njia mbili, moja ya duara ndogo na moja ya duara kubwa. Waya wa mkono huizungusha ile ndogo, na ile kubwa huvuta waya wa breki mwingi zaidi. Njia hii hufanya kazi, lakini waya hupinda sana kwenye kapi, na nyuzi zake hukatika mapema. Mwenye kapi yampasa kuuchunguza waya mara kwa mara, na kuubadili akiona uzi mmoja tu umekatika.

Neno moja zaidi kuhusu gia. Mikono mingi ya pembe ya siku hizi ina gia ndani yake. Ile inayovuta waya wa breki, karibu yote ni ya mvuto mfupi, kwa hiyo haifai kwa breki ya V ya kawaida. Mwenye kuchagua mikono ya mvuto mrefu isiyo na gia aweza kufunga vishikio vya gia kwenye ncha za usukani, au kwenye fremu.

KUFUNGA

Kwanza, kichwa cha waya. Mikono ya pembe kwa kawaida hutaka waya wenye kichwa kama pea. Mikono ya usukani mnyoofu hutaka kichwa kama pipa. Kichwa kisichokaa sawasawa katika kikombe chake chaweza kuchomoka. Waya nyingine huuzwa zikiwa na vichwa vyote viwili, kimoja kila ncha, kisichotakiwa hukatwa.

Pili, ala ya waya. Ala ya breki imesukwa kwa chuma kilichozungushwa kama chemchemi. Ala ya gia ina nyuzi zilizolala kwa urefu, nayo haikuundwa kuhimili nguvu ya breki. Ala ya gia isitumike kwa breki hata kama ndiyo iliyo karibu, maana yaweza kupasuka mtu akibana sana.

Tatu, upande. Katika Uingereza na nchi nyingi zilizofuata desturi zake, mkono wa kulia hufunga breki ya mbele. Marekani na nchi nyingi za Ulaya, wa kushoto ndio wa mbele. Baiskeli iliyoletwa kutoka ng'ambo yaweza kuwa imefungwa kinyume. Anayebadili mikono na aamue upande mmoja, aujue, na amwambie kila mtu anayemwazima baiskeli.

KUPIMA KABLA YA KUTEREMKA

Baiskeli ikiwa imesimama, bana kila mkono kwa nguvu zote kwa nusu dakika. Mkono usikaribie usukani. Ibaki nafasi ya kidole kimoja au zaidi. Ukitelemka polepole wakati unaubana, waya unateleza mahali ulipofungwa. Kisha sukuma baiskeli mbele huku umebana breki ya mbele: gurudumu la nyuma litainuka. Isukume tena huku umebana ya nyuma: gurudumu la nyuma litaburuzwa bila kuzunguka. Zungusha kila gurudumu, uone kama raba zinagusa rimu mahali pasipofaa, au zinagusa tairi. Raba inayogusa tairi hulikata.

Halafu panda baiskeli, uijaribu katika tambarare, kwanza polepole, kisha kwa mwendo. Ijaribu rimu zikiwa kavu, na tena zikiwa zimemwagiwa maji. Baada ya hapo jaribu mteremko mfupi usio na magari. Safari ya ukingoni ije mwisho, na baada ya siku za kwanza waya ukazwe tena, kwa sababu waya mpya na ala mpya hujipanga.

Turudi kwa mwalimu wetu. Fundi wake hakuwa mzembe. Alikosa kujua jambo moja tu. Akiambiwa, hahitaji kutupa usukani wala baiskeli. Atafunga mikono ya pembe ya mvuto mrefu badala ya ile ya mashindano, na raba atazirudisha umbali unaofaa. Ile mikono kuukuu itabaki kumfaa mwenye breki za kantileva. Gharama ni ya mikono miwili na waya mbili. Hiyo ni gharama ndogo ukiilinganisha na ya hospitali, na wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini breki ya mwalimu ilishika vizuri uani ikamshinda kwenye mteremko?

2. Mkono mgumu kama ubao waonyesha nini?

3. Utazitofautishaje breki za kantileva na breki za V kwa kuangalia waya tu?

4. Mtu mwenye breki za V anataka usukani wa pembe. Taja njia nne alizo nazo, na ubaya wa kila moja kama upo.

5. Kwa nini haifai kutia mafuta ya breki ya kampuni moja katika breki ya kampuni nyingine?

6. Itazame baiskeli yako mwenyewe. Breki yake ni ya mvuto gani, na mkono wake je?